Njia Panda Ambayo Haikuhesabiwa

"Ukitaka tufike wote wawili, egemea ninakoegemea," Farouk Benchaib alisema, huku akimfungia Inspekta Mokrane Haddadou kamba ya helmeti chini ya kidevu kama mtu anayemvisha mtoto kofia ya baridi. "Nikilala kulia, lala kulia. Ukikaa wima kama nguzo ya umeme, pikipiki haikati kona. Itakwenda inakotaka yenyewe."

Inspekta alijaribu kuilegeza kamba. Kifungo kilikuwa cha aina asiyoijua na glavu zilikuwa nene. Akaacha. Alikuwa na miaka hamsini na minne, kiuno kibovu, na hakuwa amekaa nyuma ya pikipiki ya mtu tangu utotoni.

"Umenikaba," alisema.

"Ndiyo inavyotakiwa, mkubwa. Isiyokaba haikusaidii."

Sauti ya Farouk haikutoka mbele. Ilitoka ndani ya helmeti, sikioni kabisa, kwa kuwa helmeti zao mbili zilikuwa na vipaza sauti vidogo vilivyounganishwa. Farouk alivinunua ili aongee na mkewe safarini. Mkewe, alisema, alivaa mara moja tu, akaapa hatavaa tena, maana alikosa mahali pa kukimbilia asimsikie mumewe.

Ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi, mbele ya mkahawa mmoja kusini mwa Algiers. Ijumaa iliyopita, kutoka mahali hapohapo na saa ileile, watu wanne wenye pikipiki waliondoka kwenda kutembea mashambani. Walikuwa wanafanya hivyo kila Ijumaa: mwendo wa polepole, michungwa ya uwanda wa Mitidja, kisha milimani, chai, na kurudi nyumbani kabla ya magharibi. Ijumaa hiyo walirudi watatu. Wa nne, mfamasia Abdelkrim Terbah, aliokotwa chini ya korongo, pikipiki ikiwa juu yake.

Wenyeji walilaumu ukungu. Inspekta hakuulaumu. Pikipiki ya Terbah haikuwa kwenye gia, na lami haikuwa na alama hata moja ya breki. Anayeendesha hatoi gia kwenye kona. Terbah alikuwa amesimama ukingoni, na kuna mtu aliyemsukuma.

Mtu huyo, kwa mujibu wa jalada, alikuwa Nassim Ouchene, fundi pikipiki wa miaka ishirini na saba, ambaye sasa alikuwa mahabusu Blida. Terbah alikuwa amemnyima binti yake, tena kwa maneno machafu, mbele ya watu mkahawani. Muda wa kumshikilia Nassim ulikuwa unaisha leo saa tisa alasiri. Mwendesha mashtaka alikuwa na karatasi mbili mezani. Ya kwanza ilikuwa ya kumrudisha kijana nyumbani, ya pili ilikuwa ya kumpeleka gerezani kusubiri kesi, na huko watu husubiri miaka. Mpaka asubuhi ile Inspekta hakuwa na sababu yoyote ya kuomba ile ya kwanza.

Kilichomtia Nassim matatani hakikuwa binti. Kilikuwa utaratibu wao wa safari, na mzee Hamoud, ambaye wote walimwita kwa heshima Si Hamoud, aliueleza tena pale kwenye ngazi za mkahawa, kwa yeyote aliyekuwa hajaelewa.

Si Hamoud ndiye aliyeongoza safari zote. Alikuwa dereva wa treni mstaafu, miaka sitini na sita, masharubu meupe, na alikuwa na msimamo wake kwamba anayeongoza hatazami nyuma. Dereva wa treni, alisema, haangalii mabehewa. Kwa hiyo waliweka kanuni. Terbah hufunga msafara siku zote. Kila wanapofika njia panda, yule aliye nyuma ya Si Hamoud huonyeshwa kidole chini. Anasimama hapo, anaelekeza wenzake njia, anangoja mpaka Terbah atokee, kisha anaingia mbele yake na wanaendelea. Njia panda inayofuata ni zamu ya mwingine. Katikati walikuwa wawili tu, Nassim na Farouk. Nassim njia panda ya kwanza, Farouk ya pili, Nassim ya tatu, hivyohivyo bila kukosea.

"Na njia panda ni ngapi mpaka kwenye chai?" Inspekta alimuuliza Jumamosi, na leo akamuuliza tena.

"Tano," Si Hamoud alijibu bila kufikiri, akamwonyesha ramani aliyoichora mwenyewe. Mzunguko wa barabara kuu, daraja, msikiti wa Ain Teffah, machimbo ya mawe, nyumba ya askari wa misitu.

Ya tano ilikuwa ya Nassim. Na aliyesimama kwenye ya tano ndiye aliyebaki peke yake na Terbah kwenye ukungu. Nassim alikataa katakata, akasema ni Farouk aliyebaki. Farouk akasema ni Nassim. Si Hamoud hakuweza kusema nani alifika kwanza kwenye chai, kwa sababu alipofika aliingia moja kwa moja kutawadha na kuswali adhuhuri, na alipotoa salamu aliwakuta wote wawili wameshika glasi. Mwenye chai naye alikuwa anaswali pembeni yake.

Nassim aliulizwa alisimama wapi na wapi. Alisema mzunguko, machimbo, na ukuta wa shule wenye ngamia wa bluu. Askari walipitia ramani ya Si Hamoud. Hakukuwa na shule yoyote njiani. Wakaandika kwamba mtuhumiwa anadanganya.

Ngamia huyo ndiye aliyemtoa Inspekta ofisini. Alikuwa amesikiliza uongo miaka thelathini. Mwongo angesema alisimama chini ya mti. Ya nini ajisumbue na ngamia, tena wa bluu?

Basi akaagiza safari irudiwe yote, kwa mwendo uleule. Si Hamoud mbele. Koplo Tahar, kwa pikipiki ya kikosi, mahali pa Nassim. Farouk mahali pake mwenyewe, na Inspekta mgongoni kwake ili aone anachoona mtu wa katikati. Gari la kikosi nyuma kabisa, mahali pa marehemu.

Walitoka.

Siku ilikuwa nzuri kwa mtu asiye na kazi. Mitidja ilikuwa imechanua milozi, wauzaji wamepanga machungwa kandokando ya barabara kwa marundo, na Si Hamoud alikwenda taratibu kama anayepeleka bibi harusi. Farouk alizungumza muda wote. Alikuwa dereva wa gari la kusambaza dawa, alimjua kila mfamasia kuanzia Algiers hadi Médéa, na kila mmoja alikuwa na kichekesho chake. Alimsifu marehemu. Alimhurumia Nassim. Alisema kijana si mbaya, ila damu inachemka. Inspekta alisikia pumzi ya mtu huyo baina ya maneno, karibu kuliko anavyosikia pumzi ya mkewe kitandani, na hakuwa na pa kuigeuzia shingo.

Kwenye mzunguko Tahar alisimama, wakapita. Kwenye daraja ilikuwa zamu ya Farouk. Si Hamoud akanyoosha kidole chini bila kugeuka, Farouk akatoka pembeni kwenye udongo uliolowa, akatoa mfukoni kifuniko cha kopo kilichokunjwa mara mbili, akakidondosha, akakisogeza kwa buti na kuegesha stendi juu yake.

"Cha nini hicho?"

"Stendi ya mguu mmoja, mkubwa. Bila bamba inazama, na pikipiki inalala. Hii ina kilo mia mbili na arobaini, nani atainyanyua, wewe na kiuno chako?"

Bamba lilikuwa linang'aa, halina hata mkwaruzo. Inspekta akasema ni jipya.

"La zamani sijui limeangukia wapi. Mke wangu alifungua kopo la nyanya juzi, nikamwomba kifuniko."

Gari la kikosi likatokea, wakaingia mbele yake. Inspekta hakuliwazia tena lile bamba.

Ain Teffah walifika saa saba kasoro. Njia panda ilikuwa mbele ya msikiti, na Tahar alisimama pale kama kanuni ilivyotaka. Inspekta akamwambia Farouk atulie kidogo hatua kadhaa mbele, akashuka anyooshe mgongo. Gari la kikosi lilikuwa limekwama nyuma ya trekta la machungwa, halikuonekana. Si Hamoud, kama kawaida yake, alikwenda zake.

Ukutani mwa msikiti kulikuwa na vizuizi vya chuma, kama kumi na viwili, vimeegemezwa vizuri na kupakwa rangi nyekundu na nyeupe. Upande wa pili wa barabara kinyozi alikaa mlangoni pa duka lake akijinyoa mwenyewe kwa kioo cha mkononi. Inspekta alifungua kioo cha helmeti, maana helmeti yenyewe haikuvulika, akamsalimia na kumuuliza vile vyuma ni vya nini.

Kinyozi alimtazama kama anavyotazamwa mtu aliyeuliza jua ni la nini. Akasema ni vya Ijumaa. Kijiji kimekua, msikiti haukukua. Kuanzia saa sita na nusu mikeka inatandikwa barabarani mpaka mlangoni kwake, na wala baiskeli haipiti hadi watu watawanyike.

"Na mwenye safari zake?"

"Anazunguka, kaka. Anaingia kulia pale shuleni, anatokea kushoto kwenye tangi la maji, hapo ameshaipata njia ya machimbo. Kuna wazee wa mapikipiki makubwa hapa kila Ijumaa, ndiyo njia yao. Yule wa mbele hata umpungie shuka hageuki."

"Hiyo shule ina picha ukutani?"

"Ngamia, upande wa uchochoroni. Wa bluu, masikini. Mwalimu alisema rangi nyingine ziliisha."

Inspekta alimshukuru. Alirudi kwenye pikipiki akiwaza, akapanda, na Farouk akaondoka kumfuata Si Hamoud kabla hajakaa sawasawa.

Alihesabia vidole kwenye glavu, juu ya paja lake. Jumanne wanapita msikitini, njia panda moja. Ijumaa hawapiti msikitini, wanapita shuleni kisha tangini, njia panda mbili. Mzunguko, Nassim. Daraja, Farouk. Shule, Nassim. Tangi, Farouk. Machimbo, Nassim. Alivyosema kijana ndivyo, mzunguko, shule, machimbo. Na nyumba ya askari wa misitu haikuwa ya tano. Ilikuwa ya sita.

Ya sita ni Farouk.

Ndipo bamba lilipomrudia. Picha ya kumi na nne katika jalada, iliyopigwa kando ya nyumba ya askari wa misitu: kifuniko cha kopo kilichokunjwa mara mbili, kimebonyea katikati. Chini yake askari aliandika neno moja, *taka*. Pikipiki ya Nassim ilikuwa uani mwa kituo tangu Jumamosi, na Inspekta alipita kando yake kila asubuhi. Ilikuwa ndogo, imesimama yenyewe juu ya stendi ya miguu miwili, hata kwenye tope. Haihitaji bamba.

Njia panda inayofuata ilikuwa machimbo. Kwa hesabu ya leo ni zamu ya Farouk kusimama na kungoja gari la kikosi. Atashuka hapo, atasema kiuno kimekataa, ataingia ndani ya gari na kufunga mlango. Dakika kumi tu. Akajilazimisha kukaa kama alivyokaa mwanzo.

"Umekuwa kimya, bwana Inspekta," sauti ilisema sikioni.

"Kiuno."

"Pole. Na vinyozi nao wana domo, siyo?"

Inspekta kwanza hakuelewa. Halafu akaelewa. Alikuwa ameongea na kinyozi akiwa na helmeti kichwani. Kipaza sauti hakikuwa na swichi ya kukizima. Farouk alikuwa amekaa kwenye pikipiki hatua thelathini kutoka pale, akisikiliza kila neno.

"Ngamia wa bluu," Farouk alisema. "Mimi sikuwahi kumwona, unajua? Zamu yangu ilikuwa tangini."

Machimbo yakatokea. Si Hamoud alikata kushoto, akanyoosha kidole chini. Farouk hakusimama. Alikata kushoto nyuma yake, akaongeza mwendo kidogo tu, na njia panda ikabaki tupu.

Inspekta alijua maana yake, maana Si Hamoud alikuwa amewaeleza wote asubuhi. Ukifika njia panda usimkute mtu, nenda moja kwa moja. Tahar na gari la kikosi wangefika pale wasimkute mtu. Wangekwenda moja kwa moja, chini, kuelekea Blida, kila dakika mbali zaidi.

Alikuwa na bastola kiunoni. Ampige mtu anayemwendesha? Redio ilikuwa kwenye gari la kikosi. Simu ilikuwa mfukoni, na masikio yake yalikuwa ndani ya helmeti iliyofungwa na mtu huyo huyo.

"Terbah alikukamata na nini?" aliuliza. Hakuwa na kitu kingine cha kutumia ila maneno.

Farouk alimwambia. Alisema kwa upole, kama aliyetua mzigo. Vidonge vya kulewesha vilikuwa vinapungua kwenye gari lake, boksi hapa boksi pale, na Terbah alifuatilia mpaka akajua vinaishia kwa vijana gani. Njiani, kwenye nyumba ya askari wa misitu, alimwambia Jumamosi anakwenda polisi. Alimpa siku moja ya kwenda mwenyewe. Aliona anamtendea wema. Mbele kidogo Farouk akampungia mkono asimame, kana kwamba ana jambo la kumwomba.

"Akasimama," Farouk alisema. "Akatoa gia, akakaa akinisikiliza. Nilitumia mguu tu."

"Na Nassim?"

"Nassim alijiweka mwenyewe pale. Mimi sikumtaja mpaka nyinyi mlipomtaja. Mzee akasema tano, nikasema haya, tano."

Nyumba ya askari wa misitu ilipita, madirisha yake yamefungwa. Kidole cha Si Hamoud kilishuka tena na hakuna aliyekitii. Baada ya hapo lami ilikuwa nyembamba, mlima kushoto, kulia ukingo wa mawe usiofika magotini, na chini yake hewa tupu. Kona ya Terbah ilikuwa ya tatu, na ilikata kushoto. Inspekta aliipima mwenyewe Jumamosi, kwa utepe.

"Unataka kufanya nini?" aliuliza.

"Sijajua. Nafikiri kwamba abiria mgeni akiogopa konani huweza kuanguka peke yake. Watu wataniamini. Hata wewe uliniamini."

Mwendo uliongezeka. Kona ya kwanza Farouk alilala kulia, Inspekta akalala naye. Ya pili kushoto, akalala naye. Alisikia mkono wa kushoto wa Farouk ukiacha usukani na kurudi nyuma, ukitafuta goti lake, na akajua kwamba kwenye kona ya tatu mkono huo utavuta.

Hapo ndipo alipopitisha mikono yote miwili kifuani kwa Farouk, akafungamanisha vidole, na kukaa wima.

"Lala," Farouk alisema.

"Silali."

"Lala, mzee, tutakufa."

"Uliniambia mwenyewe. Nikikaa wima haikati kona. Basi mimi nimekaa, na ninaelemea kulia. Punguza mwendo au twende wote kwa Terbah."

Ukingo ulikuja. Inspekta alifumba macho na kukaza mgongo ule mbovu mpaka ukalia, uzito wake wote kuelekea bondeni. Alisikia pikipiki ikikataa kugeuka, ikisukuma mbele kama punda. Alisikia Farouk anatukana. Kisha akasikia breki, ndefu, mpira ukiunguza lami, na kifua chake kikagonga mgongo wa Farouk, wakasimama. Alipofungua macho gurudumu la mbele lilikuwa limegusa ukingo.

Injini ilizimika. Zilisikika pumzi mbili tu ndani ya helmeti.

Inspekta alishuka kwanza, bastola mkononi. Akamwamuru Farouk ashuke. Farouk alifanya kama alivyoambiwa, kwa mikono mizito ya mtu aliyeamshwa usingizini. Pembeni palikuwa na udongo laini. Alitia mkono mfukoni, taratibu, Inspekta akiwa karibu kufyatua, akatoa lile bamba jipya, akalidondosha, akalisogeza kwa buti na kuegesha stendi juu yake. Ndipo akaona alichofanya. Akabaki analitazama.

Toka mbele ulikuja mlio wa injini, ukikaribia. Si Hamoud alitokea konani akirudi, jambo ambalo katika miaka kumi na tisa ya Ijumaa hakuna aliyewahi kuliona. Alisimama, akatazama bastola, akamtazama Farouk, akazima pikipiki.

"Sikutazama nyuma," alisema, kama anayejitetea. "Nilisikia. Nilimweka mtu machimboni, na mlio wake ukanifuata. Nikamweka tena kwenye nyumba, ukanifuata tena. Behewa ulilolikata haliwezi kukufuata."

"Si Hamoud. Ijumaa, njia panda zilikuwa ngapi?"

Mzee alianza kuhesabu. Midomo ikachezacheza chini ya masharubu. Shule. Tangi.

"Sita," alisema. "Mwanangu, uliniuliza za njia. Hukuniuliza za Ijumaa." Kisha, kwa sauti ndogo, "Nassim yuko wapi?"

Saa ya Inspekta ilionyesha saa nane na dakika arobaini. Simu ilikuwa na mtandao kidogo, mstari mmoja, unaokuja na kupotea. Alijaribu kuivua helmeti kwa mkono mmoja, kifungo kikakataa, kamba ikamkaba zaidi. Si Hamoud alimsogelea, akainua vidole vyake vigumu, akakifungua kwa mguso mmoja.

Hewa ya mlimani ikamwingia masikioni. Inspekta alipiga Blida, bastola ikiwa bado imemwelekea Farouk, na ikaita mara sita kabla haijapokelewa.

"Ni Haddadou," alisema. "Mwambie mwendesha mashtaka asaini ile karatasi ya kwanza."